Mahindi Nyuma ya Jiko

Awino alinikuta dukani kwangu Migori nikipepeta maharagwe. Akasimama mlangoni bila kusalimu, na mimi nikajua kabla hajafungua mdomo, maana alisimama vile vile mama yake alivyokuwa akisimama, mkono mmoja kiunoni na uso ameupeleka pembeni. "Mama Boke," akaniambia, "Mama ametuacha." Nikaweka ungo chini. Nikamwuliza wapi, akasema Kosele, chumbani kwake, juzi. Nikamwuliza anazikwa wapi, na hapo ndipo alipolia, kwa sababu jibu lilikuwa limemshinda kulibeba peke yake. Mikayi, yaani mke mkubwa wa marehemu baba yake, alikuwa ametuma vijana na gari kutoka Karungu wakamchukue. Alikuwa amesema mama yake Awino, Nyar Kosele, ni mke wa boma lile na atalala kando ya mume wake. "Baada ya miaka hii yote!" Awino akasema. Nina ulimi mrefu, kila mtu sokoni anajua, wenzangu wananiita redio, lakini siku hiyo redio iliishiwa na betri. Nilifunga duka, nikamwambia twende.

Habari za kwetu Ukuria ziacheni, hazina haraka. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, ule ulioishia na mvua za El Niño, nilipokuwa msichana wa kutandika vitanda na kusugua sufuria katika hoteli ya Mzee Odera, ufuoni Karungu. Mzee Odera alikuwa amefanya kazi Mombasa ujana wake wote, na huko aliona Wazungu wakilipa ili walale tu kwenye mchanga. Aliporudi nyumbani akatazama ziwa, akatazama mchanga, akasema, kwani hapa kumepungua nini? Chumvi tu. Akajenga vyumba vya mawe vyenye mabati mekundu, na ukumbi wa kulia ulio wazi upande wa maji, na ukutani mle ukumbini akaandikisha kwa rangi ya buluu: HALI YA HEWA: JUA MWAKA MZIMA. Wageni waliposoma maneno hayo huku matone yanapiga bati, wakamgeukia, aliwaambia bila haya yoyote, "Hiyo si mvua. Ni ziwa inapiga chafya." Tulimcheka, lakini tulimpenda. Alikuwa mgane, hakuwa na mtu, na maneno ya ule ukuta aliyaamini kabisa.

Ukweli ni kwamba Karungu ina hali ya hewa yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa mwajiri wetu hasa. Kuanzia Desemba hadi Februari ni oro, kiangazi, na ndio uliokuwa msimu wa wageni. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, maji yametulia. Ndipo tulipofua mashuka. Ikifika saa sita upepo unageuka, unakuja kutoka ziwani na nguvu zake zote, unapindua viti, unatia mchanga kwenye chai. Ndipo tulipoanika, na kabla mgeni hajamaliza kula samaki wake shuka limekauka. Watu wa Kisii walitoroka baridi yao wakaja kuota jua, wakakaa ufuoni na sweta bado mwilini. Familia kutoka Nairobi zilikuja Krismasi na watoto wanaolia wakiona samaki ameletwa na kichwa chake. Wazungu wachache walikuja kuvua mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, wanamshika, wanapigwa naye picha, halafu wanatupatia sisi tumle, na mpaka leo sijaelewa. Mwishoni mwa Machi inaingia chwiri, mvua ndefu, wageni wanakatika. Mwezi ukiandama sam wanapanda, wale wadudu wa ziwani wasiouma, wanainuka juu ya maji kama moshi na kuingia kwenye sukari, kwenye nywele, kwenye kila taa. Juni na Julai ni ukavu wenye baridi ya asubuhi na vumbi la mchana, kisha opon, mvua fupi, na oro tena. Majina haya yote nilijifunzia jikoni, kwa mwanamke aliyenifundisha pia kupika na kusuka na kunyamaza, ingawa hilo la mwisho halikushika.

Wajaluo humwita mwanamke aliyeolewa kwa jina la alikotoka, basi yeye alikuwa Nyar Kosele, binti wa Kosele, na jina lake lingine sikulijua mpaka nilipolisoma juu ya jeneza. Mimi akaniita Nyar Kuria, na akiwa na furaha, nyathina, mwanangu, ingawa hakunizidi miaka mingi. Jiko lake lilikuwa chumba cheusi chenye dirisha moja linaloangalia ziwa, na humo kila kitu kilikuwa na nafasi yake: mwiko wa ugali juu ya msumari, ndimu kwenye bakuli la bati, dagaa wa omena kwenye gunia karibu na moto ili wasishike unyevu. Alipika samaki aina ya ngege wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu mpaka mgeni akaramba mifupa. Sisi wafanyakazi tulikula baada ya wageni, tumekaa chini, sahani moja kubwa ya ugali na mboga chungu ya osuga iliyolala na maziwa, na yeye alihakikisha kichwa cha samaki kimebaki. Hakuna aliyekigusa. Kilikuwa cha Ogola.

Ogola alikuwa mume wake, fundi wa injini za boti. Alizunguka fuo zote, kutoka Karungu mpaka visiwani, popote injini ilipokataa kuwaka, na akirudi alipitia jikoni kwetu kabla ya kupanda kwenda bomani kwake mlimani. Alikuwa na harufu ya petroli na kicheko kikubwa. "Nyar Kuria," alinitania, "lini utaolewa hapa tukupunguze ukali?" Nikamjibu, "Kwani nyinyi mna ng'ombe za kutosha?" Akacheka, akakaa kwenye kigoda, akakivunja kichwa cha samaki kwa vidole vyake vya fundi, na nusu ya nyama ya shavuni akampa mkewe mkononi. Nilikuwa nageuza uso. Kwetu sikuwahi kuona mwanamume akimlisha mkewe, na nikajiapiza kwamba mimi nikiolewa nitaolewa na mtu wa hivyo au nikae. Nilikaa, kwa taarifa yenu. Nyar Kosele alikuwa nyachira, mke wa pili. Mikayi alikuwa mama mkimya mwenye watoto wakubwa, na sikuwahi kusikia Nyar Kosele akimsema vibaya. "Amenipokea," aliniambia. "Kuna wengine wanamwagiwa maji ya moto." Nyumba ya Nyar Kosele ilikuwa upande wa kushoto wa boma, mabati yake mapya, na ndani yake mtoto mmoja, Awino, aliyekuwa ndio ameanza shule. Mipango yake yote ilikuwa juu ya huyo mtoto. Awino angesoma Asumbi kwa masista, Awino angevaa viatu vyeusi, Awino asingejua moshi.

Mwaka ule, mwishoni mwa Februari, kukiwa bado na wageni na kila kitu kimekauka, wingu likapanda ziwani saa nane mchana na mvua ikapiga. Si manyunyu, ilikuwa mvua ya wanaume. Mlima wote ukafunikwa, hatukuona kama huko juu kunanyesha au la, na Nyar Kosele, kama kila msimu wa wageni, alilala hotelini usiku ule. Kesho yake adhuhuri Mzee Odera akaja jikoni amevaa gambuti, anameta uso. Alitaka mahindi yapandwe kwenye kile kipande cha ardhi nyuma ya jiko, siku hiyo hiyo, ili wageni wa sikukuu ya Madaraka wachomewe mahindi mabichi wakiangalia maji. Nyar Kosele akakunja mikono. "Mzee, mimi siwezi kupanda. Mikayi hajapanda." Na hili ni lazima nilieleze. Kwenye boma la Kijaluo, mvua ikinyesha, mke mkubwa ndiye wa kwanza kutia mbegu ardhini. Mume hulala kwake usiku huo, asubuhi wanapanda, ndipo wengine wafuate. Ukiruka zamu umeita chira, na chira humkausha mtu, anakonda mpaka anakwisha. Mzee Odera mwenyewe alilijua hilo kunizidi mimi, lakini akatikisa kichwa. "Hii shamba ni ya hoteli. Mwenyewe ni mimi, na mimi ni mgane, sina wa kungojea. Wewe hapa ni mpishi, si nyachira." Alipokwenda, Nyar Kosele akachungulia dirishani mpaka akamwona ameshafika ufuoni. Kisha akanitazama na tabasamu la ujanja. "Nyar Kuria, wewe huku huna mikayi." "Sina." "Basi tupa wewe ya kwanza." Nikashika jembe, nikachimba, nikatupa mbegu ya kwanza, ya pili, mstari mzima, huku yeye amesimama pembeni akishangilia kwa vigelegele vya mzaha. Alipoanza mstari wake mimi nilikuwa nimeshamaliza wangu. Tulicheka sana siku ile. Tuliona tumeipiga chenga sheria na hatujaivunja.

Ile mvua ikakatika. Ilikuwa imetudanganya, ndiyo tabia yake pale ufuoni, na jua la Machi likaja likapasua ardhi. Lakini sisi tulikuwa na ziwa mlangoni, kwa hiyo kila asubuhi nilichota ndoo, nikamwagilia, na mahindi yakashika. Chwiri yenyewe ilipoanza na watu wa mlimani wakapanda, yetu yalikuwa yamefika kiunoni. Mwanamke aliyetuletea maziwa alikuwa wa boma lile lile, mke wa kaka yake Ogola. Siku moja akaweka kibuyu chini akayatazama. "Haya mahindi ni ya nani?" akauliza. Nikamjibu ni ya hoteli. "Na nani alipanda?" Nikasema, "Mimi." Akanitazama juu mpaka chini, akachukua kibuyu chake. "Mkuria anajua kupanda mistari ya Kosele, kumbe," akasema, akaondoka. Wakati huo Ogola alikuwa ameanza kukonda. Alikuwa anakohoa, na ovaroli yake ikawa inamning'inia. Tulidhani ni baridi ya visiwani.

Madaraka ilipofika wageni walikuja, maana mvua ilikuwa imepungua na hewa imekuwa tamu. Tukachoma mahindi ufuoni kwenye nusu ya pipa, Mzee Odera akizunguka na ndimu na pilipili akimwambia kila mtu kwamba Mombasa hakuna hii. Ogola alikuja akakaa kwenye kigoda chake. Nyar Kosele akamchagulia hindi laini kuliko yote. Akalishika, akajaribu, akaliweka chini. Mdomo wote ulikuwa na vidonda. Nikamsikia akimwambia mkewe jambo kwa Kijaluo, polepole, na yeye akamjibu "mos, mos," pole, pole, kisha akachukua punje akazitafuna mwenyewe mpaka zikawa laini, akamwekea kwenye kijiko, vile unavyomfanyia mtoto. Hakuona haya mbele ya wageni. Mimi nilikimbilia stoo nikalia kwenye magunia. Leo kila mtu anaujua ugonjwa ule kwa jina na dawa zake zipo, watu wanazimeza wanaendelea na kazi. Siku zile hakuna aliyeutaja. Ulikuwa ukipita kwenye fuo zetu boma kwa boma, na kila boma lilitafuta sababu yake.

Sababu ya boma la Ogola ilikuwa mahindi nyuma ya jiko. Julai wakamwita Nyar Kosele mlimani, na mimi nikajipeleka, maana nilijua mimi ndiye shahidi. Tulikaa nyumbani kwa mikayi, chumba kikubwa chenye viti vimevishwa vitambaa vya kufuma na kalenda za miaka iliyopita ukutani. Vumbi lilikuwa likiingia chini ya mlango. Ogola alilala kwenye godoro kando ya ukuta, macho yake makubwa usoni. Mikayi alikuwa amekaa karibu naye akikoroga uji ambao hakuna aliyeunywa. Kaka yake Ogola ndiye aliyezungumza, kwanza Kijaluo, kisha kwa heshima yangu Kiswahili. "Sisi hatutaki vita. Tunataka ndugu yetu apone. Chira iko na dawa yake, manyasi iko, imechemshwa tayari. Lakini haifanyi kazi kama mtu ameficha. Mwenye alipanda aseme alipanda." Nikasimama. Nikasema yote, jembe, mstari, mbegu ya kwanza. "Haki ya Mungu, ni mimi nilianza!" Kaka mtu akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa upole. "Asante, binti. Lakini wewe si wa boma hii. Mkono yako haiwezi kutufungulia, na haiwezi kutuharibia." Nikafungua mdomo tena, na Nyar Kosele akanifinya paja kwa nguvu mpaka nikakaa. Alitaka kusema mwenyewe. Akasema ile ilikuwa kazi ya mshahara, shamba la mtu mwingine, na hata hapo hakuwa wa kwanza. Alisema vizuri, bila kulia. Nilidhani tumeshinda.

Ndipo Ogola akainua mkono. "Nyar Kosele," akasema, kwa Kiswahili, sijui kwa nini Kiswahili, labda alitaka nami nisikie, "sema tu. Sema ulipanda, tukunywe dawa, nilale." Akamtazama. Yeye akamtazama. Mikayi alikuwa ameikodolea macho sufuria. Na Nyar Kosele, ambaye punde tu alikuwa amejitetea kama wakili, akaenda akapiga magoti kando ya godoro, akasema, "Nilipanda. Nilipanda kabla ya mikayi. Nisameheni." Wakaleta bakuli. Wakanywa wote watatu, mume, mikayi, nyachira, maji machungu ya mizizi. Uso wa Ogola ukalegea, kichwa kikaangukia bega la Nyar Kosele, na pale pale akalala.

Njiani kuteremka nilimfokea. Nilimwita mjinga, nilimwita mwoga, nilimwuliza kwa nini mtu mzima aseme uongo unaomchoma mwenyewe. Alitembea mbele yangu, kanga imefunika kichwa kwa sababu ya vumbi. "Umeona alilala?" akasema. Nikasema, "Mimi nakuuliza jambo lingine." Akasimama, akanigeukia, na uso wake ulikuwa na furaha, ndiyo, furaha. "Boke, huyo mtu hajalala tangu chwiri ianze. Nimemkalia macho kila usiku. Umeona vile alilala?" Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba ukweli ni kitu cha kwanza na vingine hufuata.

Ogola alikula kidogo wiki zile, akaweza hata kukaa nje. Kisha Oktoba mvua ikaanza, na hii haikuwa opon tuliyoijua. Ilinyesha asubuhi, jambo ambalo si kawaida ya Karungu, ikanyesha mchana, upepo ukasahau zamu yake. Hakuna shuka lililokauka. Ziwa likapanda likala mchanga wote, likafika kwenye ngazi za ukumbi, na barabara ya kwenda Migori ikakatika. Hakuna mgeni hata mmoja aliyekuja, na Mzee Odera alikuwa anakaa peke yake chini ya maneno yake ya buluu. Ogola akafa katikati ya mvua hiyo. Kaburi lilijaa maji, wakayateka kwa ndoo, likajaa tena. Nyar Kosele alipiga mayowe mpaka sauti ikaisha, na watu walikuwa wanamtazama badala ya kumshika. Yeye mwenyewe alikuwa amekiri kwa mdomo wake mbele ya boma, kaka mtu akasema, na kwa kuwa dawa haikusaidia, basi kosa lilikuwa kubwa kuliko dawa. Hawakumpiga. Walimwambia tu kwamba kwa usalama wa watoto wa boma, arudi kwao. Mtoto ni wa boma, mtoto abaki. Nilikuwepo. Awino alikuwa amesimama mlangoni kwa mikayi, ameshikwa mkono, analia "Mama, mama," na mama yake akamwendea akamfunga vifungo vya sweta, vyote, polepole, kwa sababu kulikuwa na baridi. Halafu akaondoka bila kugeuka. Najua kwa nini hakugeuka. Nilikuwa mbele yake, nilimwona uso.

Alipitia hotelini kuchukua nguo zake. Nilidhani atakaa kitako alie, nimshike. Badala yake alivaa aproni, akawasha moto, akatupikia, Mzee Odera na mimi, maana wengine walikuwa wameshaondoka. Tulikula mvua ikipiga bati, na kwa mara ya kwanza kichwa cha samaki alikula yeye. Nikamwambia nitakwenda naye Kosele. Akasema, "Kufanya nini? Tulie wawili?" Barabara ilipofunguliwa akaenda. Mimi niliacha kazi baada ya mwaka mpya. Oro ilikuwa imerudi, maji yametulia asubuhi, upepo unageuka saa sita vizuri kabisa, na sikuweza kuvumilia.

Aliishi Kosele kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko, akiuza nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa watu wa soko. Ugonjwa ulimpata pia, akaugua vibaya, dawa zikafika, akainuka. Nilikuwa nikimtembelea nikiwa na mzigo wa kununua huko. Mikayi alimlea Awino vizuri, hilo silikatai, alimsomesha, akampa viatu vyeusi. Alipokuwa mkubwa akaanza kwenda kwa mama yake, anampelekea sukari na majani ya chai, anakaa kidogo, anarudi. Hakulala kwake hata siku moja. Siku moja nilimkemea. Akanijibu bila hasira, "Mama Boke, nampenda mama. Lakini alijua sheria. Baba angekuwa hai." Nikamweleza habari ya mbegu ya kwanza, ile ile niliyoieleza bomani. Akasema, "Lakini alikiri mwenyewe, si ulikuwepo?" Mama yake hakuwahi kumwambia tofauti. Nilimwuliza Nyar Kosele kwa nini. Akasema asingemfanya mtoto achague kati yake na marehemu.

Basi tukafika Karungu, Awino na mimi. Hoteli haipo tena, ziwa limeichukua, kuta zimesimama majini na ndege juu yake. Bomani kulikuwa na turubai na watu wengi, na jeneza lilikuwa mbele ya mahali nyumba yake ilipokuwa. Mikayi sasa ni bibi kizee, anatembea kwa fimbo. Akaniita nyuma ya ghala, akakaa juu ya jiwe, akanishika mkono. "Nyar Kuria, wewe ulikuja siku ile ukasema ukweli. Sasa mimi nikuambie yangu. Ile mvua ya Februari ilinyesha huku juu pia. Ogola alilala kwangu usiku huo. Asubuhi tulipanda, sisi wawili, pale chini, karibu na mti wa ober. Jua likaunguza zote. Tukapanda tena Machi, hiyo ndiyo watu waliona." Kichwani nilikuwa nahesabu: wao asubuhi, sisi mchana. Hapakuwa na zamu iliyorukwa. Hata kama Nyar Kosele angepanda shamba lote kwa mikono yake mwenyewe, hapakuwa na kosa. "Ogola alijua?" nikauliza. "Alijua," akasema. "Si tulipanda na yeye? Lakini kama si mbegu, watu wangeuliza ni nini. Wangeuliza alikuwa analala wapi huko visiwani. Aliniomba ninyamaze. Na mimi nilifikiri, kama ni chira, dawa iko. Kama si chira, nitampa nini mimi?" Akaanza kulia, machozi ya wazee, ambayo hayateremki. "Yawa, Nyar Kuria, alikuwa anatetemeka. Nilitaka tu awe na kitu cha kukunywa."

Ningependa kusema kwamba nilimhurumia. Nilimhurumia baadaye, kwenye gari la kurudi. Pale pale nilimwinua kwa mkono, bila upole, nikampeleka hadi alipokuwa Awino kando ya jeneza, nikamwambia, "Mwambie." Akamwambia. Alisema yote kwa Kijaluo, na sikuelewa kila neno, lakini nilisikia Februari, nikasikia jina la Ogola, nikaona uso wa Awino ukibadilika polepole, kisha ukasimama. Mikayi akamaliza, akasema kwamba ndiyo maana ametuma gari, ili amrudishe mwenzake nyumbani kabla naye hajafa, na kwamba kila mwaka alitaka kwenda kumtafuta amwombe msamaha, kila mwaka, lakini njia, lakini miguu.

Awino hakupaza sauti. Alikuwa ameshika ukingo wa jeneza kwa mikono yote miwili. Akamtazama yule mama aliyemlea, halafu akaacha kumtazama, akaangalia chini mahali palipoandikwa jina. "Kosele si mbali," akasema. "Unabadilisha gari mara moja tu, pale Homa Bay. Kosele si mbali."